Jina Langu Kwenye Hotuba ya Prof

Kisangani, Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Umeme hakuna, nachapa kwa jenereta ya jirani. Kichwani pia giza.

Bon, nianze kwa kuungama: sijawahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Nilimaliza shule ya msingi Banalia, nikaja Mangobo, hapa Kisangani, nikafungua kibanda cha kuchapa na fotokopi. Miaka kumi na minane sasa nachapa masomo ya jiografia ya Prof mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Daftari zake analeta mwenyewe, amekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria.

Mwaka wa kwanza aliandika kwamba Banalia iko kwenye mto Lindi. Nilicheka peke yangu. Mtu amesoma Ulaya na hajui Banalia iko kwenye Aruwimi, mto nilioogea utotoni! Nikasahihisha, nikanyamaza. Naye akanyamaza.

Mwaka uliofuata, kosa lingine. Hilo sikuwa na uhakika nalo, nikaazima kitabu. Kisha cha pili. Donc, basi, kila mwaka kosa moja, kila mwaka vitabu, na kila mwaka najisifu moyoni: bila mimi huyu mzee angeaibika.

Wanafunzi wananiita "docteur wa fotokopi". Wakikwama kwenye somo, docteur huyohuyo wanamuuliza, kwa sauti ya chini.

Leo Prof ameleta hotuba yake ya kuaga. Kesho anastaafu.

"Papa Alphonse, chapa muzuri. Macho yako iko na nguvu kupita yangu."

Kosa moja tu kila mwaka, na kila mara la kunipeleka vitabuni: nilikuwa nimeanza kushuku. Nikajikaza. "Prof, ile makosa ya kila mwaka, ulikuwa unaifanya kusudi?"

"Makosa gani?"

Akapanda toleka, akafungua mwavuli, akaenda. Hakutabasamu. Au alitabasamu, sikuona macho vizuri, miwani yake ilikuwa imelowa.

Nimesoma hotuba. Anasema anarudi kupumzika kwenye kilima cha kwao, Kivu ya Kaskazini. Sisi wote tunajua vita imekata barabara, na ndani ya nyumba yake ya huko wanalala watu wenye bunduki. Hilo nalo ni kosa? Kilima kinasahihishwa namna gani?

Halafu ukurasa wa mwisho: wanafunzi anaojivunia. Madaktari, walimu, mheshimiwa mmoja.

Wa saba ni mimi.

Jina kamili. Bila "Papa". Bila "mchapaji".

Nimekaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta mpaka chai imepoa. Nikiliacha, kesho ukumbi mzima utauliza huyu alisoma mwaka gani, na Prof ataonekana mzee aliyechanganyikiwa, siku yake ya mwisho. Nikilifuta, na kumbe ndilo alilotaka kusema miaka yote hii?

Unayesoma hapa mtandaoni na unamjua, nyamaza mpaka kesho.

Nimechapa vyote viwili kama alivyoandika, kilima na jina. Ni mara ya kwanza namwachia Prof kosa.

Kama ni kosa.