Nati ya Nne ya Busta

Rahma uko wapi? Nimejifungia kwenye choo cha gereji.

Bosi Muzamil kanipa nibadilishe busta ya breki, kile kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki, kwenye pikapu ya mzee mmoja wa Singe. Nati zake nne ziko juu ya pedeli, ndani kabisa chini ya dashibodi. Nimelala chali, miguu iko nje ya mlango, nazitafuta kwa kupapasa maana huzioni.

Tatu zikatoka. Ya nne nimeishika, nasikia mzee anauliza, "Huyu binti anaweza kweli?"

Bosi akacheka! Eti, "Ufundi hana. Nimemweka kwa ajili ya mikono yake myembamba tu, yetu sisi haipiti huko. Siku akinenepa, namtimua siku hiyo hiyo."

Namtimua! Na miguu yangu anaiona hapo hapo! Miaka minne namfanyia kazi, Rahma!

Nikaitoa nati ya nne, nikatoka, nikamwekea bosi mkononi. Akasema, "Safi sana, mwanangu."

Mwanangu!

Shoga, mimba ndiyo inaingia mwezi wa nne. Leo asubuhi kifungo cha ovaroli kimegoma kufunga.