Chupa Zimesema Amina

3 Februari

Kwa wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima. Kidoti alishikwa na mafua, lakini tangu jana amerudia kuruka juu ya kitanda na kubishana na mimi, kwa hiyo najua amepona. Wewe hujambo? Mguu unaendeleaje?

Wifi, nina shida. Jana Fundi alifungua chupa ya mwisho ya sosi ya nyanya aliyotuachia marehemu mama. Unamjua mdogo wako anavyoila: kijiko kwenye wali, kijiko kwenye mkate, kijiko mdomoni moja kwa moja. Alikwangua chupa mpaka ikalia. Halafu akaiosha mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kuosha hata kikombe, akaiweka dirishani kama picha ya marehemu.

Akaniambia, "Hivi wewe umeingia kwetu lini vile? Na bado hujui hata sosi."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka. Lakini siku hizi kazi ya karakana imepungua, na utani wake una miiba. Akikosa kitu cha kulalamikia mezani anakitafuta.

Mama alikuwa akikupikisha wewe tangu utotoni. Nifundishe. Nyanya huku zimejaa sokoni, na chupa zote za mama nimezihifadhi.

Ni mimi wifi yako,
Mama Kidoti


19 Februari

Wifi yangu kipenzi,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mguu ni ule ule. Mvua ikitaka kunyesha unaniambia kabla ya redio. Najua una simu, lakini simu haimwachi mtu amalize maneno, ndiyo maana nakuandikia.

Umefanya vizuri kuniuliza. Sikiliza. Chagua nyanya zilizoiva bila kulegea. Zichovye kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye maji baridi, ngozi itavuka yenyewe. Katakata vitunguu, pilipili hoho, saumu, na pilipili kali kiasi cha kumtoa Fundi jasho la pua. Chumvi, sukari kidogo. Pika moto wa kiasi, usichoke kukoroga, mpaka ukipitisha mwiko uache njia chini ya sufuria.

Chupa na vifuniko vyake vichemshe peke yake. Zipange mezani zikiwa tupu. Hapa sasa, wifi, ndipo penyewe. Kabla ya kujaza, fumba macho uziombee. Mama hakuturuhusu kufumbua hata kidogo, na aliyechungulia alipata konzi. Tulisimama kuizunguka meza, yeye akipita chupa moja hadi nyingine akiomba, na nilikuwa nasikia matone yakidondoka ndani. Tulimuuliza, akasema ni machozi ya maombi. Mama alikuwa mtu wa rohoni. Akimaliza, alitupaka kidole chake kilicholowa kwenye paji la uso, na mpaka leo nikisali naisikia ile harufu yake kama ya ndimu.

Baada ya hapo jaza, funga, chemsha tena chupa ndani ya sufuria kubwa yenye kitambaa chini zisigongane. Zikipoa kila kifuniko kitabonyea na kusema tik. Mama alikuwa akisema chupa zimesema amina.

Hiyo ndiyo siri yote, sikukubania kitu. Mbusu Kidoti.

Wifi yako mkubwa


30 Machi

Wifi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama na mguu umetulia. Sisi tupo, lakini sina raha.

Sosi niliipika kama ulivyoniambia. Nilifumba macho, nikaomba kwa maneno yangu. Zilipopoa zikasema tik, tik, mpaka Kidoti akaanza kujibu "amina" kila moja. Fundi alikula ya sufuriani, akaniita mama yake jioni nzima. Wifi, nilijisikia kama ndiyo nimeolewa siku hiyo.

Wiki kadhaa baadaye nafungua kabati, naona vifuniko vimevimba kama mashavu ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Chupa moja ilipasuka ikalichafua shati la Fundi la kutokea. Harufu yake siwezi kukueleza. Nilizitupa zote.

Fundi alisimama akatazama tu. Akasema, "Za mama hazikuwahi kuvimba."

Nimekosea wapi?

Wifi yako,
Mama Kidoti


11 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Amani iwe nawe. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini. Sitaki kukutisha, lakini nikikuficha nitakuwa nimekutendea dhambi.

Mapishi hujakosea. Nyanya ni zile zile, chumvi ni ile ile. Mama alituambia tangu tukiwa wadogo, chupa inajua. Aliyeweka mkono kwenye chupa huku anaficha jambo, chupa yake itavimba. Kwa mama haikuvimba hata moja, na wewe ulimjua mama alivyokuwa.

Sikuhukumu, wifi. Mimi ni nani nimhukumu mtu? Nasema tu upekue moyo. Pengine ni jambo dogo, umelisahau hata wewe, linakaa pale kama punje ya mchanga kwenye mboga. Ukiliona, niandikie tuliombee pamoja. Mimi si wifi kwako, mimi ni dada. Jambo likiingia kwangu limeingia kaburini.

Kisha upike tena.

Wifi yako mkubwa


26 Mei

Dada yangu, kama ulivyosema nikuite,

Hujambo? Hapa hatuko vizuri.

Nimepika tena. Safari hii nilijitahidi hata kulia, nikakumbuka msiba wa baba yangu mpaka chozi likashuka ndani ya chupa. Zimevimba hivyo hivyo. Fundi amehesabu vifuniko huku anatikisa kichwa, na tangu siku hiyo anakula kwa mama ntilie wa karakana.

Nimepekua moyo kama ulivyoniambia. Nimepata jambo moja, na naona aibu kuliandika kwa kuwa hata si jambo. Kabla Fundi hajanioa, yule mwenye duka la vioo alileta posa kwetu, baba akakataa. Mwaka jana Kidoti alipougua sikio nikakutana naye kwenye foleni ya hospitali. Alitushikia nafasi, akamnunulia mtoto juisi, akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Basi. Sikumwambia Fundi kwa sababu unajua wivu wake, angekwenda kuvunja vioo vya mtu bure.

Ni hilo tu, dada. Naapa mbele za Mungu. Kama ndilo linalovimbisha chupa, niombee. Na tafadhali libaki kwako, maana Fundi wa sasa si yule wa zamani.

Mdogo wako,
Mama Kidoti


28 Agosti

Wifi yangu,

Bwana asifiwe. Nimeambiwa uko kwa shangazi yako, kwa hiyo barua nimeielekeza huko. Natumaini pale shavuni pamepona. Fundi ana mkono mzito tangu utoto. Hata mimi akinisalimu naumia.

Usinione mbaya. Nilikuahidi kunyamaza na nimenyamaza. Sikumtajia Fundi jina la mtu wala duka. Nilimwambia tu amuulize mtoto, nani alikununulia juisi hospitalini? Mtoto hasemi uongo. Alimtaja yule bwana kwa furaha kabisa, akaeleza na rangi ya shati lake. Hayo yaliyofuata si mimi. Chupa zilikuwa zimeshasema.

Kidoti hajambo. Anabaki kwa baba yake, ndivyo walivyoamua wazee. Wewe lala, ule, umrudie Mungu. Kuna binti wa kwaya yetu, mpole, hainui macho, anakwenda kuwapikia mara kwa mara. Mengine nitakuambia yakiwa tayari.

Nguo zako Fundi alitaka kuzitia moto, nikamzuia. Nzima nimekutunzia. Zile zilizochakaa nimezikata za kupangusia chupa, maana kwetu nyanya ndiyo zimeiva na mwaka huu napika mwenyewe, mara yangu ya kwanza bila mama. Nakuombea unapokoroga mwiko wako na mimi nikikoroga wangu.

Wifi yako mkubwa


2 Desemba

Wifi,

Shikamoo. Nakutakia afya njema, na mguu wako usikusumbue.

Sikutaka kukuandikia tena. Naandika kwa sababu kuna kitu lazima ukijue.

Nimepata kazi kwenye jiko la hoteli. Wana sosi yao ya nyanya, wanaihifadhi kwenye chupa, na siku ya kwanza nikapangiwa huko kwa kuwa nilisema naijua. Nikachemsha chupa, nikazipanga, nikafumba macho. Mpishi mkuu akasimama nyuma yangu. "Wewe, unasinzia? Ndimu umeweka?"

Nikamwambia kwetu hatuweki ndimu, tunaomba. Jiko zima lilicheka. Mmoja alilazimika kukaa juu ya gunia la vitunguu. Mpishi peke yake hakucheka. Akaniambia, "Mama, omba utakavyo, lakini nyanya haina uchachu wa kutosha. Bila ndimu chupa inavimba, na anayeila anaweza kufa." Akakamua ndimu ndani ya kila chupa tupu. Matone yakadondoka.

Wifi, nikayasikia kwa masikio yako. Yale hayakuwa machozi. Mama aliwafumbisha macho ili msimwone. Sijui kwa nini. Labda alitaka siri ibaki yake, labda alitaka mpende kusali. Kile kidole chenye harufu ya ndimu kwenye paji lako la uso, ndiyo hiyo ndimu yenyewe. Nimepika kwa ndimu tangu mwezi wa tisa na hakuna iliyovimba. Za kwako za mwaka huu zikoje?

Sikulaumu kwa kutojua. Wote tulifumba macho. Ninachoomba ni kimoja. Mwambie Fundi. Kurudi kwake sitaki, shavu langu linakumbuka. Nataka Kidoti. Wazee watakusikiliza wewe. Waambie ilikuwa ndimu, wanirudishie mwanangu. Nimeambiwa hagusi juisi tena, mtu akimpa anaimwaga. Mtoto anadhani ni yeye aliyenifukuza.

Wifi yako,
Mama Kidoti


20 Januari

Wifi yangu kipenzi,

Bwana asifiwe sana. Nimefurahi kusikia umepata kazi ya halali. Mguu umepata nafuu mwaka huu, namshukuru Mungu.

Zangu za mwaka jana umeuliza. Kabati langu linapigwa na jua upande mmoja, ndiyo sababu. Nilizifukia nyuma ya nyumba siku watu walipokuwa ibadani, nisimkwaze mtu. Hilo nakuambia wewe tu, maana najua hunisemi.

Ile ndimu nimeijaribu. Mungu akubariki kwa kunikumbusha. Jumamosi iliyopita tulipika hapa kwangu sosi ya harusi. Ndiyo, wifi, Fundi anaoa, yule binti wa kwaya. Nilitaka uisikie kwangu na si barabarani. Walikuja wamama wa kwaya na bibi harusi mwenyewe, amejifunga kile kitenge chako cha zambarau, kimemkaa vizuri kuliko nilivyotazamia. Tulipanga chupa, nikasema tufumbe macho. Wakafumba wote. Nikapita chupa hadi chupa nikiomba, ndimu iko kiganjani. Matone yalipoanza kudondoka, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Dada analia." Sikuwakatiza. Ni maombi mazuri sana niliomba siku ile.

Zote zimesema amina. Mpaka leo hakuna iliyoinua kifuniko, na wanasema roho ya mama imenishukia.

Kuhusu kumwambia Fundi. Nimeliombea jambo hili na moyo wangu umekosa amani. Nyumba ile imetulia. Nikienda kuwaambia ilikuwa ndimu, nitakuwa nimemvunjia heshima marehemu mama kaburini, nimewavunja moyo na wamama wanaoamini, na kwa faida ya nani? Wewe una kazi, una afya. Bibi harusi naye nimemfundisha yote niliyokufundisha wewe, neno kwa neno. Akipika kwake tutaona.

Kidoti anakaa kwangu siku hizi, bibi harusi hapendi kelele. Anaosha vifuniko vizuri, mikono midogo inafika kila mahali. Siku ile ya kupika alifumbua jicho moja, akaniona. Wote walipoondoka akaniuliza, "Shangazi, mbona uliweka ndimu?"

Nikamkalisha nikamweleza taratibu, kama mama alivyotulea sisi, kwamba mtoto anayefumbua macho wakati wa sala, mama yake hawezi kurudi.

Usiwe na wasiwasi naye, wifi. Sasa anayafumba mpaka machozi yanamtoka, na tukishamaliza lazima nimguse begani ndipo afumbue.

Nakuombea kila siku.

Wifi yako daima