KIKAO CHA DHARURA KUHUSU UMBALI WA MBIO ZA NJIWA, MBEYA HADI IRINGA

Chama cha Wafuga Njiwa wa Mbio, Iringa
Tarehe: Jumamosi, 15 Juni 2024
Mahali: Duka la Bw. Moiz la vyakula vya mifugo, Iringa mjini

Waliohudhuria: Bw. Clement Kalinga (Mwenyekiti), Bw. Adrian (Ipogolo), Bi. Matilda, Bw. Moiz (mfadhili), Damari (Katibu, Idodi)
Hakuhudhuria: Bw. Fred (anavuna mahindi)

KUMB. NA. 1/6/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi. Alisema kuna jambo moja tu na litaisha kabla ya chai.

KUMB. NA. 2/6/2024: MALALAMIKO YA BW. ADRIAN
Ilielezwa kwamba tarehe 1 Juni njiwa walifunguliwa Mbeya saa 1:00 asubuhi. Wa Katibu alifika bandani Idodi saa 4:40, wa Bw. Adrian akafika Ipogolo saa 5:20. Mshindi hupatikana kwa kugawa umbali kwa muda. Mwenyekiti alitumia kilomita 330 hadi Ipogolo na 390 hadi Idodi. Katibu alishinda, akapewa jozi ya njiwa wa mbegu.

Bw. Adrian alidai kilomita hizo ni za barabara. Mwenyekiti alijibu kwamba ameendesha lori njia hiyo miaka ishirini na saba na hakuna wa kumfundisha. Bi. Matilda alimwambia, "Kaka Clement, njiwa hapimwi mizani Makambako, wala hashuki Ipogolo akatafuta gari la Idodi." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

KUMB. NA. 3/6/2024: HESABU ZA KATIBU
Katibu alieleza kwamba kwa mstari ulionyooka, Mbeya hadi Idodi ni kilomita 228, na hadi Ipogolo, iliyo mbele zaidi, 277. Njiwa wake aliruka kilomita 62 kwa saa, wa Bw. Adrian 64. Bw. Adrian ndiye mshindi.

Bw. Moiz aliuliza Katibu alijua lini. Katibu alijibu kwamba alijua tangu tarehe 3 Juni.

Bw. Adrian alisema, "Siku kumi na mbili, dada, na kila asubuhi unanisalimia kwenye grupu."

Katibu alikiri. Alisema aliwapenda wale njiwa wa mbegu.

KUMB. NA. 4/6/2024: MAAMUZI
Bw. Adrian alitangazwa mshindi. Aliomba ile jozi ya mbegu aichukue leo. Boksi lenye matundu alikuwa nalo. Katibu alieleza kwamba jike anaatamia mayai mawili tangu Alhamisi, na wakihamishwa yataharibika. Ilikubaliwa wabaki Idodi hadi makinda waweze kula wenyewe.

Katibu alipendekeza wote wanne wawe wa Bw. Adrian. Bw. Adrian alikataa: "Makinda baki nao. Mwakani nataka nikushinde siku ileile, bila kikao."

KUMB. NA. 5/6/2024: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana, chai ikiwa imepoa. Mwenyekiti alikubali kutia saini baada ya kuomba iandikwe kwamba kilomita zake za barabara hazina kosa. Hazina kosa.

Mwenyekiti: C. Kalinga ....................
Katibu: Damari ....................