Soksi ya Kamanda

Baba Limi,

Nimeenda gulioni Runzewe, nitarudi jioni. Ugali umo chunguni. Mguu wa Kamanda uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukaushe, ndipo ufunge kitambaa safi. Usikaze. Na asitoke nje; ule wayo aliokatwa na chupa akifukuza fisi zizini hauponi upesi kwa sababu anaukanyagia kutwa.

Jana ulinigombeza kwamba mbwa si mtoto. Leo alfajiri nilidhani unakamua, kumbe umepiga magoti jikoni, unamvisha soksi yako ya kanisani na kumbembeleza, “Pole, mwanangu.” Nilicheka hadi nikajiziba mdomo kwa kanga.

Kidonda kimeanza kufunga, nimekiona.

~~Usiku alale kibarazani.~~ Alale ndani, upande wako.

Mama Limi