Baba, Hukuwa Mlevi

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikasubiri marahaba yako kama mjinga. Keshokutwa ni arobaini yako, na kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai.

Hapa Mkumbara mahindi yamekauka shambani, Mama hajayagusa. Asubuhi bado anachemsha chai ya watu wawili, halafu ananiita nimalizie ya kwako. Msikitini anaadhini mtu mwingine. Sauti anayo, lakini anaharakisha mno, ungemnunia.

Wewe na sukari, Baba! Miaka ile ya foleni tulikunywa chai bila sukari, ukaapa kwamba siku ikipatikana utalipa kisasi. Ilipokuja ruksa ya biashara, maduka ya Mombo yakajaa magunia, nawe ukawa unatia vijiko vitano, sita. Mgeni akitiwa viwili, unaona tumemdhalilisha. Mama akikutania, "Mlingoti wa mkonge wewe, sukari yote hiyo inakwenda wapi?" unacheka na kujipigapiga mbavu. Hatukujua inakwenda wapi. Tulichojua ni kwamba ugonjwa wa sukari ni wa wenye vitambi na magari.

Kisha ukaanza kukonda, wewe ambaye hukuwa na cha kukonda. Unamaliza mtungi wa maji na bado una kiu. Nikadhani ni upungufu wa chakula. Nikakupikia uji mzito na kuumiminia sukari, na kila nilipotoka kuuza chapati Mombo nikakuletea soda. Kwa mkono wangu huu, Baba. Ulikunywa yote na kunishukuru.

Tumbo lilipojaa maji na macho kugeuka manjano, maneno yakaanza. Baba Mdogo, nduguyo wa tumbo moja, ndiye aliyetangulia kusema: tumbo kama lile ni la watu wa pombe ya miwa, muadhini mzima anakunywa kwa kujificha. Ulisikia. Ukaacha kwenda msikitini, ukawa unaswali nyumbani, ukasema ni miguu.

Na mimi? Siku moja nilikuinamia nikuinue kitandani, pumzi yako ikanijia tamu, imechacha, kama pombe inayoanza kuiva. Nikasema moyoni, kumbe kweli. Nikangoja utoke ukatawadhe, nikachukua mkoba wako na kuupekua. Nilikuta kofia yako, miwani, na peremende tatu. Nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni umeshika birika. Hukufoka. Ulisema tu, "Ukikikuta unachotafuta, mwanangu, niite na mimi nikione."

Ni afadhali ungenipiga.

Hospitalini Korogwe daktari alikupima sukari mara mbili, maana ilikuwa juu mno, hakuamini macho yake. Akakuuliza kama unakunywa pombe. Ukasema hapana, taratibu sana, huku unatazama sakafu. Nilimfuata mpaka nje. Akanieleza kwamba hata mtu mwembamba anaupata ugonjwa huu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, ini linaweza kujaa mafuta ingawa mwili haunenepi, na likiendelea hivyo mwisho linaharibika. Nikamuuliza kuhusu ile harufu. Akasema ni sukari hiyo hiyo iliyopita kiasi, wala si pombe, na kwamba wewe si wa kwanza kusingiziwa.

Nilirudi mbio nikuombe radhi. Ulikuwa umelala. Mama, aliyekaa kando ya kitanda chako, akaweka kidole mdomoni, nikuache upumzike. Nikasema nitakwambia ukiamka. Hukuamka, Baba. Hukuamka, na radhi sijakuomba hadi leo.

Nimemweleza Baba Mdogo aliyoyasema daktari. Alilia mpaka nikamwonea huruma, mimi niliyekuwa nimejiandaa kumtukana. Halafu akaniambia kitu kingine: na yeye siku hizi hashibi maji, na suruali zinamvuka. Anaogopa kupimwa, watu wasije wakamsema kama alivyokusema wewe.

Keshokutwa wanaume wakimaliza kusoma hitma, nitatoka kibarazani, mwanamke mbele yao, waseme watakavyo. Nitawaambia hukuonja pombe maisha yako yote. Nitawaambia pia kwamba mimi mwanao nilikushuku na kukupekua, wasije wakadhani namtetea baba yangu tu. Nitaona aibu. Wewe uliiona kwa miezi mingi bila kosa.

Nisamehe, Baba. Mungu akupe nafasi kwenye safu ya mbele, pale tulipokuondoa.

Kwaheri. Jumatatu nampeleka Baba Mdogo hospitalini. Kuna saa sitaki hata kumwona, nakwambia kweli. Lakini ana mbavu kama zako. Nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, na wakimuuliza kama anakunywa, nitajibu mimi, kabla hajatazama chini.

Mwanao,
Mariamu