Betri ya Ndege ya Felisiani

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kasulu leo imepata cha kusimulia. Epifania, mjane wa Felisiani mpasua mbao, amenijia kwenye kibanda changu cha ufundi simu kutoka Busunzu na ndege ya marehemu, imefungwa kwenye pikipiki kama ngazi. Ndege ya rimoti! Puani injini ya msumeno. Haijawahi kuruka — mwenyewe alikufa rangi haijakauka. Jumamosi ni kuganduka, wanavua msiba. Anataka iruke siku hiyo, ukoo mzima uone.
Injini ina petroli yake. Ila risiva, kile kisanduku kinachosikia rimoti na kupindisha mkia, kinataka betri yake, na ya zamani imevimba. "Alisema shemeji Abbasi ndiye fundi." Alisema! Mtu niliyefika Dar mara nne, Bujumbura mbili, Lusaka nikaikaribia, nishindwe na betri? Malipo nimekataa. Meza hii ninayoandikia alinitengenezea Felisiani, bure.
Nikauliza rubani nani. "Mimi. Ile ndogo ya kwanza ilirushwa na nani? Yeye alikuwa anafumba macho." Nikacheka peke yangu.

Jumanne, 15 Julai
Mansuri wa sola, jirani yangu, kaja kuchungulia. Huyu akiuza balbu moja anajiita mhandisi. Ati niweke betri yake ya mawe matano, yaani seli tano, nzito kama kiazi cha Muyama. Nikamwambia, bwana, hii ndege, siyo lori la maharage. Bila haya akajibu: "Betri ipime ikiwa kazini, Abbasi. Ikilala kila betri ni nzima."
Ananifundisha mimi! Nimeunda yangu. Mawe manne kutoka taa za sola zilizokufa, nimeyashtua kwa chaja kama ninavyofufua betri za simu miaka kumi na moja sasa. Mita inasoma volti tano na ushee. Nyepesi kama andazi. Nimeivika nailoni nyekundu. Akanywe maji, Mansuri.

Alhamisi, 17 Julai
Shemeji Epifania karudi, tumeijaribu hapo nje. Mkia kulia, mkia kushoto! Soko zima makofi. Nikawaeleza mambo ya umeme kwa maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Kidato cha pili niliacha mwenyewe, hakikuniacha.
Yeye hakupiga makofi. "Itakaa dakika kumi? Itapita juu ya watu, shemeji." Nikasema itakaa mpaka Krismasi.
Kwa nini Krismasi? Sijui. Ilikuja tu.
Nikaongeza kwamba wepesi ndiyo heshima ya ndege. Akafungua kifuniko cha mkiani, akanionyesha jiwe la mtoni, limekazwa kwa mpira. Msumeno ni mzito puani, Felisiani akasawazisha na jiwe nyuma. "Uzito tunao tayari, tunabeba bure," akasema. Mansuri akakohoa. Kikohozi cha makusudi!
Kaondoka na ndege, na betri yangu ndani.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya swala nimefunga kibanda. Mawe ya aina ileile yalibaki, nikaunda pacha wake, nikamfunga na taa ya pikipiki. Ili tu kumnyamazisha Mansuri.
Volti tano. Nne. Dakika ya tatu, mbili. Giza.
Waya mbovu, nikasema. Nikabadilisha waya. Giza.
Simu ikimzimikia mteja anarudi, ananitukana, tunacheka, yanaisha. Hii ikizima hewani harudi mtu kutukana. Inashuka msumeno mbele.
Nimeenda kwa Mansuri kuchukua ile betri yake, kiazi. Nikasema ni cha tochi ya mama. Kakifunga kwenye gazeti, hakuuliza lolote. Hata kuuliza! Maringo gani haya.

Jumamosi, 19 Julai
Busunzu, uwanja wa mpira. Naandikia gotini, wanadhani napiga hesabu za upepo. Kiazi kiko mfukoni mwa koti, kinanivuta bega.
Nilipanga kubadilisha kimyakimya kabla watu hawajafika. Wamefika tangu alfajiri! Ba mdogo wa marehemu, mzee Nkunzimana, bado anahutubia. Kanisimamisha: huyu ndiye fundi Abbasi, mtu aliyeizunguka dunia. Vigelegele. Watoto wamekaa chini kabisa kando ya njia ya kurukia, akina mama nyuma yao. Mansuri naye kaja, na kanzu. Nani kamwita?
Epifania kavaa rimoti shingoni. Mikono haitetemeki. Bora ingetetemeka, ningesema tuahirishe.
Mzee anamalizia. Wanataka kuwasha.

Nimepiga magoti kwenye mkia. Daftari liko kwenye nyasi, naandika mkono mmoja. Kifuniko kiko wazi.
"Shemeji, unafungua nini tena?" Epifania kauliza kwa sauti, uwanja mzima umesikia. Mansuri anatazama viatu vyake — hata kukohoa hakohoi.
Jiwe la Felisiani nimeshalitoa, ninalo mkononi. Ananisubiri nijibu, na mimi naweka kalamu chini niseme mbele ya wote: betri yangu inazima dakika ya tatu, palipokuwa na jiwe kikae kiazi cha Mansuri.