Harufu ya Mvua Kwenye Chumba cha Ozoni

Jumatano, Garissa. Jua halina huruma, na mawingu meusi yamejazana upande wa Modogashe tangu asubuhi. Nisamehe, shajara, nikiandika ovyo.

Leo nimemhimiza mtu aingie kwenye sumu.

Kiwandani kwetu tunapoza maziwa ya ngamia. Mashine za baridi hutoa maji moto. Maji hayo hupandishwa kwenye mnara, yakashuka huku feni ikiyapuliza, yakarudi yamepoa. Yakizungukazunguka hivyo huota utelezi na vijidudu. Zamani tulimwagia madawa yaliyotuchubua mikono. Sasa tuna ozoni, gesi inayotengenezwa kwa umeme ndani ya chumba kidogo chini ya mnara, kisha ikapulizwa ndani ya maji. Inaua vijidudu halafu inapotea yenyewe. Mimi ndiye niliyeipigania, na nilijigamba nayo mpaka watu wakanichoka.

Ubaya wake ni kwamba ikivuja inachoma mapafu. King'ora cha kutuonya kiliharibiwa na vumbi, na kipya tunakisubiri kutoka Nairobi. Tukakubaliana kwamba kwa sasa pua zetu ndizo king'ora, maana ozoni ina harufu yake. Ni ile unayoisikia radi inapopiga, kabla mvua haijafika.

Na nani hapa, kwa ukame huu, atasikia harufu hiyo akafikiria bomba?

Niliisikia uani kabla ya adhuhuri. Akina mama wanaoleta maziwa waliisikia pia. Mmoja akainua mikono juu, "Alhamdulillah, mfua hiyo imekuja!" Wakaanza kucheka na kutaniana, na mimi moyo ukanijaa. Nimeiombea mvua hii kila swala. Mifugo ya mama yangu imebaki mifupa.

Mwenzangu wa zamu ni Bishar. Namwita Adeer, yaani amu, kwa heshima ya umri wake. Alikuwa mfugaji kabla ukame haujamleta kiwandani. Alikuwa anaelekea chumba cha ozoni kusafisha kichujio. Nikamwambia afanye haraka asije akalowa.

"Wacha nilowe, abaayo, dada yangu," akacheka. "Mwili yangu imesahau mfua."

Nikabaki nimesimama, macho juu, kama mtoto. Kisha nikaiona bendera ya langoni. Ilikuwa imelala. Hapakuwa na upepo hata kidogo, mawingu yalikuwa mbali kule, na harufu ilikuwa inazidi hapa hapa.

Nilikimbia hadi viatu vikanitoka. Nikazima mashine kwa swichi ya nje, nikabana pumzi, nikausukuma mlango. Adeer alikuwa amepiga magoti kando ya kichujio, kikohozi kikavu hakimpi nafasi ya kuvuta hewa, machozi yanamtiririka. Nikamshika shati nikamburuta hadi nje. Kiungo cha bomba kilikuwa kimelegea.

Daktari amemlaza. Anasema mapafu yanaweza kuvimba baadaye hata mtu akijiona mzima, kwa hiyo usiku huu ndio wa kuangalia. Naogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Jioni meneja alinipigia. Bomba limekazwa, anataka ozoni iwashwe asubuhi kabla mnara haujaziba na maziwa ya akina mama yakaharibika. Si mtu mbaya, naye ana presha zake. Nikamwambia siwashi. Turudi kwenye madawa, mikono ichubuke, mpaka king'ora kifike. Pua yangu inataka mvua kuliko inavyotaka ukweli. Alikata simu bila kuaga, na huenda kesho sina kazi.

Nilipitia hospitalini. Adeer alisogeza kando kifaa cha oksijeni kilichokuwa mdomoni, akauliza, "Mfua imenyesha?"

Nikamweleza kwamba ile haikuwa mvua. Habari ya mapafu yake aliipokea kwa kutikisa kichwa tu. Hii ya mvua ndiyo iliyomfanya ageukie ukutani.

Sasa niko nyumbani, na harufu ile imeingia tena dirishani. Sikutoka nje. Nimempigia kwanza mlinzi wa kiwanda kumwuliza kama swichi bado imezimwa. Akasema imezimwa, na kwamba anatafuta pa kujibanza kwa sababu ameanza kulowa.

Ewe Mola, mfikishe Adeer asubuhi. Nataka nimtoe nje alowe.